Usihesabu Sekunde: Jinsi ya Kuifanya Skripti Isubiri Tukio

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana, nikiwa TP kwenye shule moja ya sekondari huku kwetu Mara, nilifuta alama za mtihani wa kidato cha pili, mikondo miwili mizima. Hakukuwa na virusi, hakukuwa na mwizi, na siku hiyo hata umeme haukukatika. Alama zilifutwa na skripti niliyoiandika mimi, na kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja tu. Niliiambia kompyuta isubiri sekunde 30.

Makala hii inahusu mstari huo. Kama wewe ni wa Kompyuta utaona ninaeleza mambo madogo, nivumilie. Kama wewe ni wa Ualimu kama mimi na hujawahi kuandika skripti, usikimbie. Huko mashuleni tunakokwenda, ukijulikana tu kwamba unajua kuwasha kompyuta, mambo ya taaluma yote yatahamia mezani kwako. Bora ujue mapema.

Skripti ni nini hasa

Skripti ni faili la maandishi lenye amri zilizopangwa moja chini ya nyingine. Badala ya kukaa mbele ya ule ukurasa mweusi wa terminali na kuandika amri moja moja kila siku, unaziandika mara moja, unahifadhi, halafu kompyuta inazisoma kutoka juu kwenda chini. Kwenye Linux, anayezisoma mara nyingi ni Bash, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, mwandishi wake akiwa Brian Fox.

Kuna tabia moja ya Bash ambayo lazima uikumbuke kabla hatujaendelea. Mstari mmoja ukishindwa, Bash haisimami. Inaandika lalamiko dogo kwenye kioo, kisha inakwenda mstari unaofuata kama vile hakuna kilichotokea. Mimi hilo nilikuwa nalijua. Ila nililijua kama tunavyojua vitu vya kujibia mtihani.

Kilichotokea

Shule ile ilikuwa na laptopu moja ya zamani yenye Ubuntu, inayotumiwa na walimu wote na wakati mwingine na wanafunzi. Mwalimu wa taaluma hakutaka alama zibaki humo. Akaniomba nimtengenezee kitu chepesi: akishamaliza kuingiza alama, zihamie kwenye flashi yake, na kwenye laptopu zifutike. Nikaandika hivi:

    echo "Chomeka flashi sasa"
    sleep 30
    cp alama.csv /media/mwalimu/TAALUMA/
    rm alama.csv
    echo "Tayari"

Amri ya `sleep` maana yake ni lala. Nilikuwa nimepima: flashi ikichomekwa, Ubuntu huitambua na kuifungua ndani ya sekunde 5 au 6. Nikaweka 30, nikajiona mtu makini kweli kweli. `cp` inanakili, `rm` inafuta, na `rm` haipeleki kitu kwenye kapu la taka. Ikifuta imefuta.

Kwa wiki tatu ilifanya kazi vizuri. Ijumaa moja mwalimu akaianzisha skripti, ikamwambia achomeke flashi, na hapo hapo akaitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Sekunde 30 zikaisha akiwa koridoni. Skripti ikaamka, ikajaribu kunakili kwenye flashi ambayo haipo, ikashindwa, ikasonga mbele, ikafuta alama, ikaandika "Tayari". Aliporudi alisoma neno la mwisho tu, akazima mashine, akaenda nyumbani. Jumatatu akafungua flashi, hakuna kitu.

Angalia vizuri kosa liko wapi. Mtu anaweza kusema ningeweka sekunde 60, au 300. Siku ambayo mkuu wa shule ana maneno mengi, hata 300 hazitoshi. Tena siku zote nyingine mwalimu angekuwa anakaa dakika tano bure wakati flashi ilishaonekana kwenye sekunde ya sita. Ukiweka namba ndogo unaharibu kazi, ukiweka kubwa unapoteza muda, na namba ya katikati ni kubahatisha. Mimi sikuwa nahitaji sekunde. Nilikuwa nahitaji flashi. Niliiambia mashine isubiri kitu kimoja huku moyoni nikimaanisha kingine.

Walionifundisha ni wavuvi, nikasahau

Nimekulia Guta, wilaya ya Bunda, pembeni ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Dagaa kwetu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri na sola. Zinaelea juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wakishakusanyika wavu unainuliwa. Usiku wa mbalamwezi kali kazi inakuwa ngumu, kwa sababu dagaa wana mwanga kila mahali na hawana sababu ya kuja kwenye taa yako.

Baba mdogo alinichukua ziwani nikiwa darasa la saba. Baada ya muda nikamuuliza, "Baba mdogo, tunavuta saa ngapi?" Akanishangaa. Akasema, "Saa ya nini? Tunavuta wakijaa." Kuna usiku walivuta mapema, kuna usiku walikaa karibu na alfajiri. Na kuna usiku walirudi bila kuvuta, kwa sababu nahodha anajua pia muda wa kukata tamaa.

Hayo ndiyo mambo mawili ambayo skripti yangu haikuwa nayo: ishara ya kuangalia, na mpaka wa kukata tamaa. Pale Kisorya ukisubiri pantoni la kwenda Rugezi ni hivyo hivyo. Huwezi kujiambia "nasubiri dakika 40 halafu naendesha gari." Unaendesha gari pantoni likiwa limefika na mlango umeshuka.

Njia nne za kusubiri tukio

Sasa tuingie kazini. Inategemea unamsubiri nani.

*Ya kwanza: unamsubiri mtu.* Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Amri ya `read` inasimamisha skripti mpaka mtu abonyeze Enter.

    read -p "Chomeka flashi, kisha bonyeza Enter: "

Skripti itakaa hapo hata saa nzima bila kulalamika. Ukitaka isikae milele, ongeza `-t 60`, itasubiri sekunde 60 tu. Udhaifu wake ni kwamba inaamini maneno ya mtu. Mwalimu aliyechoka anaweza kubonyeza Enter flashi ikiwa bado mfukoni.

*Ya pili: unasubiri kazi nyingine iishe.* Tuseme una skripti mbili nzito, unataka ziende kwa pamoja, halafu zikiisha zote ndipo ya tatu ianze. Ile alama ya `&` mwishoni mwa mstari inaipeleka kazi nyuma ya pazia, na `wait` inasubiri.

    bash kidato1.sh &
    bash kidato2.sh &
    wait
    bash ripoti.sh

Hapa usiweke `sleep` hata kidogo. Bash yenyewe ndiyo iliyozianzisha kazi zile, kwa hiyo inajua zikiisha. Ila `wait` ikiwa peke yake haikuambii kama ziliisha salama au zilianguka. Ukitaka kujua, itunze namba ya kila kazi, inayopatikana kwa `$!` mara tu unapoianzisha, kisha andika `wait` na namba hiyo. Kazi ikiwa imeanguka, `wait` nayo itatoa jibu la kushindwa.

*Ya tatu: kuchungulia.* Wanachuo wote tunaijua njia hii. Bumu likikaribia, kuna mtu anakwenda kwenye ATM asubuhi, mchana na jioni. Halijasoma, anarudi. Halijasoma, anarudi. Kwa lugha ya Bash ni hivi:

    FLASHI=/media/mwalimu/TAALUMA
    until mountpoint -q "$FLASHI"
    do
        sleep 2
    done

`until` maana yake ni mpaka. `mountpoint -q` inauliza kimya kimya kama mahali hapo pamefunguliwa flashi kweli. Kama hapana, lala sekunde 2, uliza tena. Kama ndiyo, toka kwenye kitanzi uendelee.

Utasema, mbona `sleep` imerudi? Imerudi kwa kazi nyingine. Mwanzo ilikuwa inajifanya ndiyo jibu. Hapa inapumzisha kompyuta kati ya swali na swali. Ukiitoa, kitanzi kitauliza mfululizo bila kupumua, laptopu itachemka na betri itaisha, na kwa umeme wetu betri ni mali. Sekunde 2 zinatosha kwa flashi. Kwa kitu kinachobadilika mara moja kwa saa, chungulia kila baada ya dakika moja au zaidi.

*Ya nne: kupewa taarifa.* Huyu ni yule mwanachuo aliyejiunga na SMS za benki. Yeye haendi ATM. Amelala zake, simu ikilia ndiyo anaamka. Linux ina kitu cha namna hiyo kwa mafaili. Kinaitwa inotify na kimo ndani ya kerneli tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005. Kukitumia kwenye skripti unaweka kwanza kifurushi cha inotify-tools, kisha:

    inotifywait -q -e close_write -e moved_to yaliyoingia

Skripti inasimama hapo bila kuchosha mashine. Faili likimaliza kuandikwa ndani ya folda ya `yaliyoingia`, au likihamishiwa humo kutoka kwingine, inaamshwa palepale.

Wa Windows msinune. Kwenye terminali yenu `timeout /t 30` inahesabu sekunde kama ile `sleep` yangu ya aibu, `pause` inasubiri mtu abonyeze kitufe, na `waitfor` inasubiri ishara kutoka skripti nyingine. Ukitumia PowerShell, `Wait-Process` inasubiri programu fulani iishe. Majina yanatofautiana, wazo ni lile lile.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni kuangalia ishara isiyo yenyewe. Tuseme unataka skripti itume kazi yako chuoni mtandao ukirudi. Ukiangalia tu kama modemu imeunganishwa, umeumia. Sote tumeona simu inaonyesha 4G imejaa na hakuna kinachopita, kumbe bando limeisha. Uliza kile kitu chenyewe unachokihitaji. Kama ni seva ya chuo, iulize seva ya chuo:

    until curl -sf -o /dev/null "$ANWANI"
    do
        sleep 30
    done

`ANWANI` hapo ni anwani ya ukurasa unaotaka kuufikia. Ikijibu vizuri, ndipo uendelee.

Mtego wa pili ni faili nusu. Faili kubwa likianza kunakiliwa, jina lake linaonekana kwenye folda kabla halijakamilika. Skripti inayouliza "lipo?" itajibiwa "lipo", italichukua, na utapata orodha inayoishia herufi M. Dawa ni kwa anayeandika kuliita jina la muda, kwa mfano `alama.csv.bado`, na akimaliza alibadilishe kwa `mv` kuwa `alama.csv`. Ndani ya diski moja, kubadili jina hufanyika kwa mpigo. Jina kamili halionekani mpaka faili liwe zima.

Mtego wa tatu ni kuanza kusubiri wakati mgeni ameshaingia. Faili likifika sekunde moja kabla hujaita `inotifywait`, taarifa imekupita, na utasubiri mpaka Yesu arudi. Kwa hiyo changanya njia ya tatu na ya nne:

    until [ -f yaliyoingia/alama.csv ]
    do
        inotifywait -q -t 60 -e moved_to yaliyoingia
    done

Kwanza inaangalia kama faili limo. Kama halimo inasikiliza, lakini kwa sekunde 60 tu, kisha inaangalia tena. Hata taarifa ikipotea, hutachelewa zaidi ya dakika moja. Ni kama mwenye SMS za benki ambaye bado anapita ATM mara moja kwa siku, maana hata SMS huchelewa.

Skripti ilivyo sasa

Hii ndiyo niliyoiandika baada ya kuumbuka. Mpaka namaliza TP ilikuwa inatumika:

    FLASHI=/media/mwalimu/TAALUMA
    mara=0
    echo "Chomeka flashi"
    until mountpoint -q "$FLASHI"
    do
        mara=$((mara+1))
        if [ "$mara" -gt 60 ]
        then
            echo "Flashi haijaonekana. Sijafuta kitu."
            exit 1
        fi
        sleep 2
    done
    if cp alama.csv "$FLASHI"/ && sync && cmp -s alama.csv "$FLASHI"/alama.csv
    then
        rm alama.csv
        echo "Tayari, alama ziko kwenye flashi"
    else
        echo "Kunakili kumeshindwa. Sijafuta kitu."
        exit 1
    fi

Inachungulia mara 60 kwa kupumzika sekunde 2, yaani kama dakika 2 hivi. Isipoona flashi inakata tamaa kama nahodha, na inasema wazi kwamba haijafuta kitu. Ikiiona, inanakili. Alama ya `&&` maana yake ni kwamba cha pili kifanyike pale tu cha kwanza kikifanikiwa. `sync` yenyewe ni aina ya kusubiri: inakaa mpaka data iliyobaki kwenye kumbukumbu ya mashine iandikwe kwenye diski, maana amri ya kunakili huweza kumaliza kabla flashi haijamaliza kuandika. Kisha `cmp` inalinganisha mafaili mawili. Yakifanana ndipo `rm` inapata ruhusa.

Wapo watakaosema ungeweka tu `set -e` juu ya skripti, ili isimame mstari ukishindwa. Ni kweli ingeziokoa alama, na ni tabia nzuri. Lakini mwalimu angerudi kutoka ofisini akute skripti imekufa, aanze upya. Kusimama kwa ajali na kusubiri ni vitu viwili tofauti.

Na zile alama? Mimi na mwalimu wa taaluma tulikaa usiku mbili tukiziingiza upya kutoka kwenye karatasi za majibu. Hakunigombeza sana. Alisema tu, "Mwalimu, hii kompyuta yako ina haraka." Karatasi nyingi zilikuwa bado ofisini, lakini chache zilikuwa zimesharudishwa kwa wanafunzi, na binti mmoja alikuwa ameipoteza yake ya Hisabati. Alikuja mlangoni akasimama, akasema, "Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa 71 yangu haipo." Sikuwa na la kumjibu. Bahati yetu mwalimu wa Hisabati aliikumbuka, kwa sababu ndiyo ilikuwa ya juu kwenye mkondo wao, akaithibitisha. Ingekuwa 43 ya mtoto wa katikati ya orodha, nani angeikumbuka?

Ndiyo maana nawaomba, hasa mnaokwenda TP muhula ujao: kama kuna skripti yako yenye `sleep` na chini yake kuna `rm`, ifungue leo. Jiulize swali moja, hapa nasubiri nini hasa? Ukishapata jina la kitu hicho, flashi, faili, mtandao, au mtu, andika hicho badala ya namba. Halafu amua utakata tamaa lini, na ukikata tamaa useme nini. Ukikwama, nitafute jioni kule maktaba, meza za karibu na soketi. Njoo na chaja yako.